Gunia la Unga na Meza ya Jumatatu

Wafiwa wenzangu, viongozi wa dini, majirani, marafiki, na ninyi wafanyakazi wa kiwanda cha mabegi mliokuja na aproni zenu kwa sababu mlisema ndivyo alivyozoea kuwaona, familia imenipa kazi ya kuwasomea historia ya marehemu, nami nimeikubali kwa kuwa katika watu waliobaki duniani ni mimi peke yangu niliyemjua kabla hajajua kushika sindano. Mimi ni dada yake, ndugu wa kuachiana ziwa, mwalimu mstaafu, kwa hiyo nitasoma polepole, na walio nyuma wakiona hawanisikii wanyooshe mkono, wasinong'one.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na mashine ya kusaga, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu, ambaye ndiye aliyeiendesha mashine hiyo, na marehemu mama yetu, ambaye alikuwa akifua mashuka ya hospitali. Baba alirudi nyumbani akiwa mweupe kwa vumbi la unga kuanzia nyusi hadi kwenye kamba za viatu, mama alirudi vidole vikiwa vimejikunja kwa maji, na Kaka alipenda kuwaambia wageni kwamba mtu aliyezaliwa na unga na maji alipaswa kuwa mkate, sema moto ulichelewa. Mimi nilimfuata Januari 1955, na baada yangu wazazi hawakujaliwa mwingine, kwa hiyo tuligombana sisi kwa sisi na kupatana sisi kwa sisi, hapakuwa na mtu wa tatu wa kumsingizia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kuimaliza mwishoni mwa mwaka 1964, akiwa mwanafunzi wa katikati, mzuri wa hesabu, hodari wa maneno, maana akichelewa alikuwa na uwezo wa kumweleza mwalimu wa zamu sababu yake kwa namna ya kuvutia hata mwalimu akasahau fimbo iko wapi. Nyumbani kwetu mifuko ya unga haikukosekana, na pesa za begi hazikupatikana, kwa hiyo vitabu vyetu vilikwenda shule ndani ya kigunia cheupe chenye maandishi mekundu ya kinu. Alipokuwa darasa la tano, nami nikiwa la kwanza, wenzake walimpa jina la Gunia, likamganda kama gundi, na ninajua wengi wenu mlioajiriwa miaka ya karibuni mnadhani limetoka kwenye matangazo ya kiwanda. Mwaka huohuo ndipo ilipokuwapo ile siku ya mvua ambayo karibu kila mmoja hapa ameisikia kwa namna moja au nyingine, nami nitaifikia mahali pake.

Januari 1965 baba alimpeleka kujifunza kazi kwa fundi wa mahema na maturubai ya malori, mzee mkali mwenye dole gumba jeusi kwa nta, ambaye mwaka wa kwanza hakumruhusu kushona chochote ila kufumua alichokosea jana yake. Begi la kwanza alilolishona maishani mwake alilishona huko, kwa vipande vya turubai ya kijani vilivyobaki, akanipa mimi, na lilikuwa zito kama mlango, lina vifungo vya hema, na nilipoliweka chini darasani wenzangu walishtuka. Nililibeba mpaka nikaingia nalo chuo cha ualimu, na sikuwahi kulibadilisha kwa jingine, si kwa sababu lilikuwa zuri, hapana, lilikuwa baya, ila lilikuwa langu na halikuingiza hata tone la maji.

Katika karakana hiyo ya mahema alifanya kazi miaka kumi na mitano, na kila zipu zilipokwisha alitumwa kununua nyingine kwenye duka moja la vifaa vya ushonaji, ambako kulikuwa na muuzaji mmoja, msichana mwenye ulimi mfupi na macho marefu, hata ikafika wakati karakana ikawa na zipu nyingi kuliko mahema. Yule fundi mkali ndiye aliyemwambia, "Kijana, ama uoe ama ufungue duka." Walifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1976, naye ni wifi yangu, huyu aliyekaa hapa mbele, ambaye ameniomba nisisome habari za zipu, na mmeona nimezisoma. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa mwaka 1978, ambaye sasa ndiye anayekiongoza kiwanda, na wavulana wawili, wa mwaka 1981 na wa mwaka 1985, pamoja na wajukuu saba ambao babu yao aliwaharibu kwa peremende, bila msaada wa mtu.

Tarehe 2 Januari 1980 marehemu alifungua karakana yake mwenyewe katika gereji aliyokodi, akiwa na cherehani mbili, mafundi watatu na wifi kwenye meza ya kukata, wakishona mabegi ya shule. Mwaka wa pili begi moja lilirudishwa na mama mmoja, mkanda umechomoka, naye akaliweka juu ya meza ya kukata Jumatatu asubuhi kabla mota hazijawashwa, mafundi wakainamisha vichwa wakingoja matusi, kwa maana ndivyo walivyozoeshwa walikotoka, lakini yeye akavuta kiti, akasema, "Aliyelishona atusimulie siku ile ilikuwaje." Fundi aliyelishona, ambaye leo ni bibi na yupo hapa, akasema kwamba siku ile mtoto wake alikuwa na homa, alimwacha na jirani, na mkanda ule aliushona masikio yakiwa nyumbani. Hakuna aliyemkemea, wenzake walimwambia siku nyingine aseme mapema wamshikie kazi, na Jumatatu iliyofuata wakakaa tena, safari hii bila begi lililorudi, mtu mwingine akasimulia jambo jingine. Ndivyo ulivyoanza utamaduni wa kiwanda hiki, ambao wataalamu wamekuja kuuandikia ripoti, na marehemu akiulizwa ulitoka kitabu gani alikuwa akijibu kwamba ulitoka kwenye homa ya mtoto.

Tangu hapo mfanyakazi mpya, awe fundi, dereva au mhasibu, siku yake ya kwanza hagusi mashine, anakaa kwenye meza ya Jumatatu, anasikiliza, na kabla chai haijaisha anatakiwa asimulie kitu kimoja alichowahi kuuziwa kikamvunja moyo. Mlio nje ya kiwanda mtaona ni kupoteza muda, lakini wenyewe wanajua kwamba aliyekwisha kusimulia viatu vilivyompasukia siku ya sherehe yake hawezi tena kushona mfuko kwa mkono mzembe.

Mwaka 1987 ilitokea kasoro. Msimamizi mmoja alisimulia mezani habari za fundi aliyeshona mfuko juu chini, akatia chumvi, akatia na pilipili, watu wakacheka mpaka machozi, kumbe yule fundi hakuwapo siku ile, na alipokuja kesho yake akakuta anaitwa Juu-Chini, alikusanya mkasi na utepe wake akaondoka. Marehemu alimfuata nyumbani, akakaa naye mlangoni mchana mzima akimbembeleza, na aliporudi naye aliweka kanuni ambayo haijavunjwa hadi leo isipokuwa mara moja, nayo ni kwamba hadithi ya mtu haisimuliwi mpaka mwenyewe awepo mezani, na mwenyewe akisikia uongo, hata mdogo, anagonga meza mara moja, hana haja ya kusema neno, na msimuliaji anarudi mpaka pale alipopotea na kuanza upya. Kanuni hiyo haikumwogopa mkubwa wala mdogo, madereva walimgongea yeye mwenyewe, na mhasibu, ambaye katika hadithi yoyote inayomhusu hukubali tarehe tu, aligonga sana hata mahali pake pakawekewa kitambaa kinene ili asiumie vidole.

Sasa nimefika kwenye ile mara moja. Mwaka 1994 mabegi ya bei chee kutoka nje yalijaa sokoni, yana picha za vikaragosi na zipu za kukatika mwezi wa pili, lakini watoto waliyapenda, na kiwanda kikawa kinafanya kazi siku tatu kwa wiki, mafundi sitini na watatu wakitazamana. Marehemu akamwita bwana wa matangazo, ambaye yuko hapa safu ya tatu, mwenye tai, na ameniruhusu niyaseme haya, naye akamwambia, "Mzee, begi ni begi tu, watu hawanunui zipu, wananunua hadithi, wewe yako ni ipi?" Kaka akamjibu kwamba anazo za kila Jumatatu, achague. Bwana wa matangazo akasema anataka moja tu, ya mwanzo kabisa, kwa nini mabegi na si mahema, na hapo Kaka, kwa mara ya kwanza tangu tukiwa watoto, alimsimulia mtu mwingine siku ya mvua.

Alimsimulia kwamba zamu ya kubeba kigunia ilikuwa yake, lakini aliona haya wenzake wasimwone na gunia la unga, akakipachika kichwani kwa dada yake, yeye akatangulia mikono mitupu na marafiki zake, mvua kubwa ikanyesha, vitabu vikalowa vikawa uji, na dada akafika nyumbani akalaumiwa, wala hakumtaja. Bwana wa matangazo alisikiliza, akasema hadithi ni nzuri ila ina watu wawili, na bango linataka mmoja, tena hakuna mzazi atakayenunua begi la mtu aliyemwachia dada yake mzigo, afadhali mtoto wa gunia awe yeye mwenyewe mwenye kiwanda. Kaka alizitazama zile cherehani zilizofunikwa nguo siku ya kazi, akakubali. Likatoka bango la mvulana mwenye gunia kichwani ndani ya mvua, na lebo ndogo yenye picha hiyohiyo ikashonwa ndani ya kila begi, na redio ikaisema asubuhi na jioni, na watu wakanunua, na mafundi wakarudi kazini wiki nzima, na baada ya mwaka wakaongezwa wengine, kwa hiyo msinielewe vibaya, hadithi ile iliwalisha watu.

Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha mji mwingine, safari ya siku nzima, na habari hizi nilizijulia darasani, mtoto mmoja alipofungua begi lake jipya nikamsaidia kutoa kalamu, nikaona lebo, nikaona gunia, na maandishi mekundu, na mvulana. Nilicheka kwanza. Halafu nikaketi, nikawapa watoto zoezi refu la kunakili ili wasiangalie uso wangu, kwa sababu iliniuma, ndugu zangu, iliniuma kwelikweli, si kwamba nilitaka kuwekwa kwenye bango, ila ile mvua ilikuwa imeninyeshea mimi. Kwenye simu tuliongea habari za watoto na hali ya hewa kama kawaida, maana yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba uongo hunyooshwa mezani, na mimi nikangoja nipate nafasi ya kukaa kwenye meza yake.

Nafasi hiyo niliipata Jumatatu ya tarehe 7 Desemba 1998, shule zikiwa zimefungwa, kiwanda kimeajiri mafundi wapya kwa msimu wa Januari, nami nimekuja na wifi kama mgeni, nikakaa mwisho wa meza karibu na mhasibu. Kaka alisimama, akauzungusha utepe wa kupimia mkononi kama alivyozoea, akaanza, "Nilikuwa darasa la tano, nimebeba vitabu kwenye gunia la unga, hapa kichwani," nami nikagonga. Watu wote walimtazama mhasibu, naye maskini akanyoosha mikono yote miwili juu kuonyesha hakuhusika. Kaka alinitazama mimi, utepe ukamfunguka mkononi ukaanguka, na bwana wa matangazo, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akamwashiria kwa kichwa aendelee tu.

Kaka alirudi pale alipopotea. Alisema, "Aliyebeba gunia si mimi, ni huyu hapa, dada yangu, alikuwa na miaka saba, mimi nilikuwa mbele na wenzangu, najifanya simjui," kisha akasema kwamba kila begi lililotoka kiwandani kwake alilishona kwa ajili ya aibu hiyo na si kwa ajili ya ushujaa wowote, akamalizia, "Nilimsikia ananiita, wala sikugeuka." Hapo niligonga mara ya pili, lakini watu walikuwa wamesimama, wengine wanalia, wengine wanapiga makofi, wifi amenishika shingoni, na kugonga kwangu hakukusikika hata na mhasibu.

Bwana wa matangazo alisema siku ile, "Mzee, umeiua chapa kwa mkono wako mwenyewe," na alikuwa na haki ya kuogopa, kwani mabegi ya msimu mzima yalikuwa stoo, lebo zimeshashonwa, na ajira za watu zimo ndani yake. Akauliza kwa uchungu sasa watachora nini, ndipo wifi alipomwambia, "Chora msichana, au sketi imekushinda?" Wiki ile mashine zilisimama, kila mtu akapewa wembe, wa ofisini na wa karakana, wakafumua lebo begi moja baada ya jingine, mhasibu akajikata vidole viwili, na lebo mpya ikatoka ikiwa na msichana nyuma mwenye gunia kichwani, na mvulana mbele anayekwenda zake, amempa mgongo dada yake. Katikati ya kufumua huko mkata vitambaa mkuu aliinuka, akasema mbele ya wote kwamba yapo mabegi ambayo mikanda yake aliikata kwa upande usiofaa ili kubana kitambaa, na yamekwisha kwenda madukani, na lori likatumwa kuyarudisha, na Jumatatu iliyofuata mwenyewe akaisimulia, akabaki na kazi yake mpaka alipostaafu.

Chapa haikufa. Msimu ule mauzo yalishuka, sitaficha, lakini wazazi walioiona lebo mpya walianza kuja dukani wakisimulia ndugu zao waliowaacha nyuma, mwingine ananunua begi la mtoto wake na jingine la kumpelekea mtoto wa dada ambaye hawajasemezana siku nyingi, na bwana wa matangazo akakaa nje ya duka akiwasikiliza, akafuta macho kwa tai yake. Kaka akaijenga kazi yake yote juu ya hadithi hiyo, kila aliyemwajiri alimwambia, "Mimi nilimwacha dada yangu mvuani nikasamehewa, kwa hiyo hapa kosa lolote linasameheka, ila kulificha," na nyote mlioajiriwa baada ya hapo mmelelewa kwa maneno hayo.

Nami nilikuwa nikimwambia, kwa miaka yote iliyofuata, kila tulipokutana, "Kaka, uligeuka," naye ananijibu, "Dada, unanihurumia tu." Nikimwambia nilikuwapo, ananiambia nilikuwa mdogo, nikimwambia mtoto mdogo hasahau aliyembeba, anacheka, ananisogezea sahani, anasema nile. Watoto wake walizoea ubishi huo, wakadhani ni utani wetu wa uzeeni, na binti yake akinisikia naanza alikuwa akisema, "Shangazi, leo mwache ale." Kumbe kwangu haukuwa utani. Kila lebo niliyoiona kwenye migongo ya watoto ilinionyesha kaka yangu ananipa kisogo, na nilijua kwamba yeye ameshaamini, na mtu akiamini ubaya wake kwa miaka mingi hivyo anakuja kufa nao.

Mwaka 2016 alimkabidhi binti yake kiwanda, akabaki na kiti chake kwenye meza ya Jumatatu, hakukosa. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 11 Februari 2023, akiwa anafunga kamba za viatu, alipatwa na kiharusi, kikampooza upande wa kulia na kumwondolea kauli, akakimbizwa hospitali, akalazwa wiki sita, kisha akaruhusiwa kuuguzwa nyumbani, nami nikahamia kwa wifi nimsaidie. Mkono wa kushoto ulikuwa unafanya kazi, na hospitali alikuwa akigonga ubao wa kitanda kila wageni walipozungumza habari zake, na muuguzi wake mwema akadhani anaomba maji, akamnywesha, akagonga tena, akamnywesha, hata nilipofika mimi nikamweleza kwamba mzee hana kiu, ana kanuni. Tulicheka sana, na yeye alicheka kwa upande mmoja wa uso, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu augue.

Nyumbani, kila alasiri, nilimsimulia mambo yetu ya zamani, naye akinikosoa kwa mkono ule, nikikosea rangi ya mlango wetu anagonga, nikikosea jina la mbwa wa jirani anagonga, na kila nilipofika siku ya mvua nikasema, "Ukageuka, ukarudi," aligonga. Nilirudi nyuma nikasema hivyohivyo, akagonga, kwa nguvu, kwa hasira hata, machozi yanamtoka. Mwishoni mwa Mei, alasiri moja, nikamwambia, "Sawa Kaka, tuseme nilikuwa mdogo, lakini nieleze, jina la Gunia ulipewa na nani?" Nikamkumbusha kwamba alipewa darasa la tano, alipokuwa bado hajashona hata kifungo, na ni wenzake walelewale waliokuwa wamejikinga mvua barazani kwa muuza mafuta ya taa. "Walikuona na nini, Kaka, hata wakakuita Gunia? Gunia lilikuwa kichwani kwangu."

Nikamsimulia yote, pasipo kuharakisha. Nilimwambia, "Uliniacha kwenye kona ya ukuta wa shule, nikakuita, ukaenda, nikaketi kwenye tope nikalia, halafu nikaona miguu yako inarudi, ukalichukua gunia ukalifunga shingoni likaning'inia kifuani, ukainama, ukasema panda, nikakupanda mgongoni, na njia ya nyumbani ilikuwa ni moja tu, kupitia barazani pale, na ulijua wapo, na ukapita. Walipiga miluzi, wakaimba Gunia, Gunia, nami nilikuwa nimekushika masikio, yalikuwa ya moto. Hukukimbia. Vitabu vilikuwa vimeshalowa, kweli, na kuniacha uliniacha, kweli, lakini wewe unakumbuka ulivyokwenda tu, mimi nakumbuka ulivyorudi." Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeinuliwa juu ya ubao, na mimi nikangoja, na wifi mlangoni akangoja, na ule mkono haukugonga. Aliushusha taratibu juu ya kichwa changu, mimi bibi wa miaka sitini na minane, akaniacha nilie mpaka nilipotosheka.

Marehemu alifariki dunia Ijumaa ya tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkewe amemshika mkono na watoto wake wote wakiwa chumbani, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, na hasa yule wa maji, ambaye amekuja leo na nimemwona, ninawashukuru majirani waliotuletea kila kitu tangu vikombe hadi mabega ya kulilia, mtaalamu wa mazoezi aliyemfundisha upya kukaa, wenye maduka waliofunga leo kwa ajili yake, na bwana wa matangazo aliyelala kwenye kiti sebuleni kwetu tangu Ijumaa akipokea wageni kama mtoto wa nyumba. Ninyi mafundi, makarani, madereva na walinzi wa kiwanda, mlimpa sikio kila Jumatatu kwa miaka arobaini na zaidi, na hakuna tajiri niliyemjua aliyepewa zaidi ya hapo, na mhasibu, tafadhali, futa machozi, tarehe zote nimezisoma sawasawa.

Nimebakiwa na ombi moja, na nimeomba ruhusa kwa wifi niliseme mbele ya watu. Binti wa kaka yangu, mwanangu, wewe ndiye unayeishika chapa ya baba yako sasa, na Jumatatu hii watu wapya watakaa mezani, watasimuliwa habari za mtu ambaye hakugeuka, na watoto mahali pengi watabeba lebo ya mtu huyo kwenye migongo yao. Huyo hakuwa yeye. Mwambie mchoraji sketi yangu asiiguse, gunia langu aliache lilipo, mvua aiache inyeshe, lakini yule mvulana wa mbele amgeuze, amchore anarudi.

Tangulia, Kaka, upumzike. Safari hii usigeuke, njia ninaijua.